Dikte Niliyowapa Wanangu

Kijana wangu wa mwisho alikuwa na miaka saba alipokula penseli nzima kwa siku nne. Sitanii. Alianza na kifutio, akahamia kwenye mti wenyewe, akawa anatema vipande vya rangi ya njano chini ya meza huku ananitazama kwa macho makavu. Kila nilipomwambia aandike, penseli ilikwenda mdomoni. Nilimchapa kwenye mkono. Akaihamishia penseli shavu la pili.

Meza yenyewe ilikuwa ya jikoni, kwa sababu jiko ndilo lililokuwa chumba chetu kikubwa. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili vya uani hapa Joburg, mtaa wa Observatory, ule upande wa kilima ambao jua huukumbuka saa nne. Asubuhi za mwezi wa sita tuliandika tukiwa na makoti. Binti yangu, ambaye alikuwa na miaka kumi na minne, alikaa karibu na mlango. Kijana nilimbana ukutani asipate pa kutorokea. Mimi nilikaa katikati na rula. Ikifika saa sita nafunga shule, nawaacha na ugali, nashuka Kensington kusuka nywele za watu mpaka jioni.

Sikuwasomesha nyumbani kwa mapenzi yangu. Karatasi zetu za ukimbizi zilikwisha muda, maombi ya kuziongeza yakakaa na kukaa, na mkuu wa shule yao akaniita ofisini akaniambia nirudi nikiwa na karatasi. Alikuwa mpole, akanipa hata chai. Nilikunywa ile chai nikiwa na hasira ya kuuma kikombe. Nilipofika nyumbani nikasema, basi, mwalimu wamempata.

Maana mimi ni mwalimu. Kwetu Uvira nilifundisha darasa la tatu kwa miaka sita, na nilijulikana kwa dikte. Mwalimu anasoma sentensi mara mbili, watoto wanaandika, kosa moja ni alama moja chini, na wino mwekundu hauna huruma. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, hivyo ndivyo nilivyofundisha, na sikuwahi kujiuliza kama kuna mtoto aliyepata kuipenda. Dawa chungu haiulizi mdomo.

Vitabu vya kusomeshea sikuwa navyo. Kilichokuwepo nyumbani kwa Kiingereza kilikuwa Biblia moja, tangazo la duka la nyama, na maelezo yetu. Maelezo ni ile karatasi unayoandikisha ofisi ya wakimbizi siku unapoingia nchi hii: nani wewe, umetoka wapi, nini kilikukimbiza, ulikimbia na nani. Faili letu lilikuwa kwa jina langu, kwa sababu nilitangulia. Baba yao alifika mwaka uliofuata, na sasa analinda ghala Durban, tunamwona kila baada ya miezi miwili au mitatu. Maelezo yangu yalikuwa kurasa mbili. Na kila mkimbizi anajua kwamba siku ukiitwa tena kwa mahojiano, utaulizwa yale yale, na ole wako usipojibu yale yale. Kanisani kwetu kulikuwa na hadithi za watu waliotofautiana na karatasi yao wenyewe kwa tarehe moja tu wakarudishwa mwanzo wa foleni. Sijui kama zilikuwa za kweli. Tuliziamini kuliko mahubiri.

Nikaona nimepata dawa moja ya magonjwa mawili. Wanangu watajifunza kuandika, na hapo hapo watayashika maelezo kichwani, ili siku tukiitwa mtu asiniangushe. Nikawa nawasomea dikte kutoka kwenye ile karatasi. Jumatatu aya ya kwanza, Jumanne ya pili. Tukimaliza, tunaanza upya. Mwaka mzima. "Niliondoka nyumbani na mtoto wangu mmoja wa kike." Sentensi hiyo wameiandika mara ngapi, Mungu ndiye anayejua.

"Eish, mama, mukono inauma," kijana alikuwa analia.

"Andika, papa. Mukono haijakufa na kalamu hata siku moja."

Kwetu mtoto wa kiume unamwita papa na wa kike unamwita mama, hata kama unamgombeza. Yeye hakujali heshima hiyo. Alikuwa na choo cha dakika ishirini, alikuwa na kiu, alikuwa na tumbo. Siku moja alijificha ndani ya kabati la nguo na daftari lake akaliweka ndani ya ndoo ya maji. Dada yake hakuwa na vituko. Aliandika kila nilichosoma, kwa herufi nzuri, zote zimelala upande mmoja, kisha akafunga daftari na kuangalia dirishani. Nilimsifu kwa ndugu yake. Nilidhani yeye hana tatizo.

Aliyenifumbua macho ni jirani yangu wa uani, fundi cherehani, Mrundi wa Buyenzi, mjane mwenye maneno mengi na sindano mdomoni. Alikuja asubuhi moja kuomba chumvi, akasimama mlangoni akasikiliza dikte mpaka mwisho. Nilipotoka naye nje akanigeukia.

"Hivi ndivyo unavyowasomesha hawa watoto? Hiyo karatasi ya serikali?"

"Wanajifunza kuandika."

"Wallahi, dada, hata mimi mtu mzima mkono wangu ungekufa ganzi. Kila asubuhi kuua watu kwenye daftari kabla ya chai!"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia akashone suruali zake aniachie shule yangu. Yeye akacheka tu, akaniambia kitu ambacho nilikikasirikia siku tatu. Alisema akimshonea mtoto nguo, humwachia achague vifungo mwenyewe, hata akichagua vibaya, hata akichagua vya rangi nne. "Mtoto akishachagua kifungo, nguo ni yake. Ataivaa mpaka ichanike. Sasa wewe hapo, umemwachia kifungo gani?"

Siku ya nne, kwa sababu mimi ni mkaidi lakini si mjinga, niliweka maelezo juu ya kabati. Nikamwambia kijana asiandike kitu. Aseme, mimi ndiye nitakayeandika.

"Niseme nini?"

"Uongo. Niambie uongo mkubwa."

Akanitazama kama naumwa. Nje, wale ndege wakubwa wa kijivu wanaoitwa hadida walikuwa wanapiga kelele juu ya bati kama kila asubuhi. Akaanza nao. Akasema hadida wa juu ya nyumba yetu ni askari mlinzi kama baba, ila alifukuzwa kazi kwa kulala, sasa anapiga kelele kila asubuhi ili mwenye kampuni asikie kuwa yuko macho. Mimi naandika. Akasema ana redio ya mkononi na kofia. Naandika. Nilipomsomea, akapiga meza.

"Umeruka, mama! Nilisema iko na viatu!"

Nilikuwa nimeviruka kweli. Akanipokonya penseli, akapanda kwenye kiti kwa magoti, na kwa herufi za kupinda akaviingiza vile viatu pembeni mwa ukurasa, ulimi nje. Kisha akaongeza kwamba kimoja kimetoboka. Hilo hakulisema kwanza. Lilikuja likiwa linaandikwa. Mwalimu wa miaka sita, na sikuwahi kuliona jambo hilo kwa macho yangu. Nilijisikia furaha, na nilijisikia mpumbavu, vyote kwa pamoja.

Tukanunua madaftari mawili kwenye spaza, kiduka cha mtaani, na nikaweka sheria. Humu hakuna wino mwekundu. Humu uongo unaruhusiwa. Na mama hasomi mpaka akaribishwe. Ndani ya mwezi mmoja kijana alikuwa na kurasa kumi na tisa za hadida, pamoja na malalamiko marefu dhidi yangu, yenye namba, kuhusu ugali, rula na kuoga kwa maji baridi. Alinisomea malalamiko yale akiwa amesimama juu ya kiti. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ile penseli alisahau kuila.

Binti ndiye aliyenisumbua sasa. Yule asiyekuwa na tatizo alikaa na daftari jipya wiki tatu bila kuandika herufi.

"Niandike nini?"

"Kitu yote, mama. Yenye unapenda."

"Kitu yote ni nini?"

Sikumlazimisha, na kwa mtu kama mimi hiyo ni kazi kubwa kuliko kusuka vichwa kumi. Kisha siku moja, nikiwa napika, nikaona ameinama. Aliandika mistari mitatu akafunga. Kesho yake akaandika nusu ukurasa. Akaanza kuamka kabla yangu. Nikiingia jikoni namkuta amejifunika blanketi mabegani, wino kwenye kidevu, na uso wake una kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu akiwa mdogo sana. Akawa ananiuliza maneno. Yeye Kiswahili anakisikia lakini mdomo wake ni wa Kiingereza na Kizulu, kama watoto wote wa hapa. Sasa akawa anataka Kiswahili. "Mama, kung'ata na kuuma ni moja?" "Mama, mtu anasemaje akitaka kuomba msamaha, lakini kidogo?" Nilijivuna. Nilimwambia jirani yangu, ona, binti anarudi kwenye lugha yake. Jirani akasema, "Kifungo hicho."

Barua ya mahojiano ilifika mwezi wa nane. Tulipewa wiki mbili. Mimi na binti, kwa sababu yeye yumo kwenye faili tangu mwanzo na sasa amekuwa mkubwa wa kuulizwa. Nikashusha maelezo kutoka juu ya kabati. Nikawaambia madaftari yale yapumzike kwanza, tumalize kazi. Kijana alinuna. Binti alilifunga daftari lake.

Siku tano baadaye, dada yake akiwa bombani uani anafua, kijana alikuja na daftari la binti mkononi. Alikuwa amelisoma akashindwa.

"Yaya ameandika barua," akasema. Yaya ni dada yake mkubwa. "Ni Kiswahili. Nisomee, mama. Hapa 'mdogo wangu' ni mimi?"

Nilijua sheria yangu. Nililichukua.

Yalikuwa yameandikwa hivi, nayaweka kama yalivyokuwa, maana nayajua: "Mdogo wangu. Mimi niko hapa Joburg. Hapa iko baridi. Wewe ulikuwa unauma mimi kidole, mimi nalia, mama anacheka. Ile siku ya basi wewe ulilala kwa mama. Mimi nilisema amuka, wewe hapana amuka. Mimi nilikula biskuti yako. Nilisema utaamuka nitakupa ingine. Samahani kwa biskuti. Sasa tuko na mdogo mwingine, yeye hajui wewe. Nitamwambia."

Tulipoondoka Uvira nilikuwa na watoto wawili. Wa pili alikuwa na mwaka mmoja na miezi saba, na alikuwa na meno ya panya. Homa ilimshika njiani, tukiwa tumeshavuka mipaka miwili, na alikufa mgongoni kwangu ndani ya basi kabla sijajua. Watu wa kanisa la mji ule walinisaidia kumzika asubuhi, nikapanda basi jingine mchana. Mji ule sikuwahi kuuliza unaitwaje. Nilipofika ofisini hapa, mtu aliyekuwa ananitafsiria na kunijazia fomu aliniuliza nimekuja na watoto wangapi. Nikanyamaza. Akamwangalia binti, akasema, "Tuandike mmoja, mama, waliopo ndio wanaohitaji karatasi." Nikaitikia kwa kichwa. Angeniuliza mara ya pili labda ningesema. Labda nisingesema. Ukweli ni kwamba ilinifaa. Karatasi ilisema mmoja, basi nami sikulazimika kusema wawili kwa mtu yeyote, miaka tisa. Baba yao alipofika, alitazama mlango kwa muda, akitarajia, kisha akaacha kutazama. Hatukuzungumza.

Na mimi nikamkalisha dada yake mezani, mwaka mzima, nikamsomea kwa sauti mara mbili mbili: mtoto wangu mmoja. Nilidhani alikuwa mdogo mno. Nilidhani amesahau.

"Mama?" kijana akasema. "Nani amekufa?"

Binti alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina povu. Nilikuwa na muda wa kuvuta pumzi moja. Nikafikiria mahojiano, siku tisa zimebaki. Nikafikiria kijana huyu anavyoropoka kwa kila mteja wangu, kwa mchungaji, kwa mwenye nyumba.

"Hakuna," nikasema. "Ni hadithi tu, papa. Ni bongo, ni uongo, kama hadida yako."

Kijana akafikiri. "Ni nzuri," akamwambia dada yake. "Lakini ungemwamsha mwishoni."

Nilimtuma kwa jirani. Kisha nikamuuliza binti, na sauti yangu haikuwa nzuri, kwa nini ameandika hivi, na sasa hivi, anataka turudishwe? Hakulia. Alikuwa anafuta povu kwenye sketi, kidole kimoja kimoja.

"Uliniambia kitu yote," akasema.

"Na Kiswahili juu ya nini? Wewe Kiswahili hujui kuandika."

"Yeye Kingereza hajui, mama."

Mpaka leo sijui mzazi mwingine angefanya nini baada ya jibu lile. Ninajua nilichofanya mimi. Nilichana ule ukurasa, na zile za kabla yake, nikazichana tena vipande vipande, nikavitia chooni nikamwaga maji mara mbili kwa sababu mara ya kwanza havikwenda. Kisha nikamkalisha mezani, nikafungua daftari la dikte, na nikamwambia aandike maelezo yote, mwanzo mpaka mwisho, mara tano, bila kusomewa. Aliandika mpaka mchana. Hakuwa na kosa hata moja. Nilitafuta.

Siku ya mahojiano tulimwacha kijana kwa jirani, tukapanga foleni alfajiri na wenzetu, tukaitwa saa nane. Ofisa alikuwa mwanamke wa umri wangu, mwenye mafua, na sanduku la karatasi za kufutia pua mezani. Aliniuliza, nikajibu kama karatasi. Alimuuliza binti kidogo tu. Halafu akatoa fomu mpya, akasema fomu hizi zimebadilika, na kwa kuwa binti ni mkubwa anaweza kujaza mwenyewe sehemu ya familia. Akamsogezea. Niliweza kusoma kichwa chake kutoka nilipokaa: ndugu wa kuzaliwa, walio hai na waliofariki.

"Usiwe na wasiwasi," ofisa alimwambia, kisha akanigeukia na mimi. "Watu wanapofika siku ya kwanza wanakuwa wamechanganyikiwa, wanaacha mambo. Tunalijua hilo. Kama kuna kitu cha kuongeza, leo ndiyo siku yake. Hakiharibu faili."

Alipiga chafya, akaomba radhi.

Binti aliinua kichwa akanitazama. Alinitazama muda mrefu, kalamu imeshagusa karatasi, na nilikuwa na neno mdomoni, lilikuwepo, jina lenyewe lilikuwepo. Sikutikisa kichwa. Sikusema ndiyo wala hapana. Nilitazama mikono yangu.

Akaandika. Kwenye walio hai aliandika jina la kijana, na tarehe yake. Kwenye waliofariki aliandika "hakuna", kwa Kiingereza, kwa herufi nzuri zilizolala upande mmoja, akaweka nukta. Akaweka sahihi chini.

Ofisa aliivuta fomu, akaisoma, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Alisema watoto wa siku hizi hawaandiki hivi, wengi wanajua simu tu. Akamuuliza binti anasoma shule gani, nani amemfundisha mwandiko mzuri namna hii.

"Mama," binti yangu akajibu, na akamrudishia kalamu yake.